Saruji kwenye Ukuta wa Kaskazini

Siku ile tulikuwa watu sita ndani ya kanisa. Alikuwepo Bibi, mzee wa kanisa, aliyeshika ufunguo wa mlango mkubwa kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Alikuwepo mchungaji, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka tangu aletwe pale. Alikuwepo mkaguzi wa majengo, ambaye huja kila baada ya miaka mitano kulitazama kanisa kuanzia paa mpaka msingi. Alikuwepo fundi wa mawe aliyekuja na mkaguzi, mwanamke mwenye mikono mipana na nyundo ndogo kiunoni. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, aliyekuja kumshika Bibi mkono kwa sababu nyonga yake ilikuwa inamsumbua. Na nilikuwepo mimi, nimesimama karibu na mlango, majani mabichi yamenigandia kwenye suruali, maana nilikuwa nafyeka makaburini nilipoitwa.

Wa saba, kama naye anahesabika, alikuwa ukutani. Ni mtu mkubwa aliyechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo karne nyingi zilizopita. Anavuka mto kwa miguu, fimbo mkononi, samaki wakizunguka vifundo vyake, na mtoto begani. Siku ile uso wa mtoto ulikuwa umeshaanguka. Vipande vyake vilikuwa sakafuni, vyembamba kama maganda ya kitunguu, na mchungaji alikuwa amepanga viti vitatu kuvizunguka ili tusivikanyage.

Mkaguzi aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kikiwa kimelowa. Akatoka nje na fundi wa mawe, wakauzunguka ukuta wa kaskazini, wakarudi. Akauliza swali moja tu, bila ukali.

"Ni nani aliyeweka saruji kule nje?"

Watatu kati yetu tulikuwa tunajua jibu.

*

Kwetu Pemba baba alikuwa mchoma chokaa. Alikuwa anakusanya mawe ya matumbawe, anayapanga juu ya magogo kwa mpango alioujua mwenyewe, anayachoma mpaka yawe meupe na mepesi, kisha anayamwagia maji na kuilaza ile chokaa shimoni nyuma ya nyumba. Hakutumia chokaa ambayo haijalala miezi. Alisema chokaa changa ina hasira. Alipokuwa anajenga ukuta, mahali jiwe linapokutana na jiwe alipamaliza kwa mgongo wa kijiko cha chai. Alikandamiza taratibu, akaacha mfereji mdogo laini ambao maji ya mvua yanateleza bila kutulia. Mwiko alikuwa nao, lakini alichokiamini ni kijiko. Nilipofikisha miaka kumi alinipa changu.

Alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka minne, wa kiume alikuwa hajaanza kutembea. Niliacha skuli wiki ya pili baada ya hitima ya mama, nikaenda kuchanganya saruji kwa mkandarasi mmoja mjini. Hakuna aliyeniambia niache. Watu wazima walikuja, wakakaa barazani, wakasikitika, wakaondoka, na mimi nikaona vyombo vya kuoshwa na watoto wawili, nikajua nimeshamaliza masomo.

Wakati ule nyumba ya chokaa ilikuwa alama ya ufukara. Aliyepata kidogo alipiga ukuta wake saruji, ukawa wa kijivu na mgumu, na watu wakapita wakiutazama. Watoto wa jirani waliwaita wadogo zangu watoto wa nyumba ya unga, kwa sababu kila walipoegemea ukuta wetu mashati yao yalitoka meupe. Nilipopata mifuko ya saruji iliyobaki kazini, niliipiga nyumba ya baba nje yote. Nikalifukia na shimo lake la chokaa, nikafyatulia matofali juu yake. Nilijiona nimewavisha wadogo zangu nguo mpya.

Masika ya pili ukuta ulivimba. Plasta ikaanza kuanguka, na kila kipande kilichoanguka kiliondoka na sehemu ya jiwe lililokuwa nyuma yake. Nilisema mchanga ulikuwa na chumvi. Hakuna aliyenibishia, kwa sababu aliyejua zaidi yangu alikuwa kaburini.

*

Niliondoka kisiwani kwenda Uingereza wakati vijana wengi wa upande wetu walikuwa wanaondoka. Wadogo zangu walinifuata baadaye, kwa makaratasi na safari nyingi za ofisi ya uhamiaji ya Croydon, na tukapata nyumba Edmonton, kaskazini mwa London, vyumba viwili juu ya ngazi nyembamba. Mimi nilifanya kazi ghalani, kupakia na kupakua, nikirudi saa moja jioni. Wao walitoka skuli saa tisa. Mdogo wangu wa kiume alikaa kwa jirani Mkenya mpaka nirudi. Wa kike alikuwa na miaka kumi na miwili na hakutaka kulelewa na jirani, kwa hiyo alikaa kwenye ukuta mfupi wa makaburi ya kanisa akinisubiri, kwa kuwa basi langu lilisimama pale.

Siku moja mvua ilinyesha kweli kweli, na niliposhuka sikumwona. Nilikimbia mpaka mlango wa kanisa, nikasikia sauti yake ndani. Alikuwa anasoma kitabu kwa Kiingereza, kwa sauti, ameketi chini ya yule mtu mkubwa wa ukutani, na bibi mmoja wa Kiingereza mwenye koti la kijani alikuwa anamsahihisha. Mimi ni Mwislamu, sikuwahi kuingia kanisani. Sikujua adabu ya pale, kwa hiyo nikavua viatu. Yule bibi alinitazama nikiwa nimesimama na viatu mkononi, soksi moja imetoboka, akaniambia nivivae haraka, kwa maana baridi ya mawe yale ilikuwa imekusanywa tangu enzi za wafalme wasiojua kusoma.

Basi akawa Bibi wetu. Alimsomesha mdogo wangu kila Jumamosi mchana. Alituandikia barua za Croydon, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa wino uliolala upande. Hakutaka chochote. Nilimwambia nitakata majani ya makaburini, naye akakubali, kwa sababu aliona kwamba nisipofanya kitu sitaweza kuja tena. Mdogo wangu alimwambia mimi ni fundi. Alilipenda neno hilo, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulisoma lile jengo. Edmonton ya leo ni nyumba zilizobanana, maghala na mabasi, lakini kanisa lilijengwa wakati hapa palikuwa kijiji, mashamba pande zote na London mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wanakijiji walijenga kwa walichokipata. Ukuta ni wa mawe ya gumegume yaliyookotwa mashambani, meusi na ya kung'aa pale yalipopasuliwa, yamechanganywa na mawe ya kijivu yaliyoletwa kwa mto, na hapa na pale kigae chekundu cha jengo fulani la zamani zaidi ambalo hakuna anayelijua. Pembeni tu ndiko kuna mawe ya kuchongwa. Mnara ulianza kwa jiwe moja na kumalizika kwa jingine, na mstari wa mabadiliko unaonekana ukisimama mbali kidogo. Bibi alisema watu husimulia kwamba tauni ilipita mnara ukiwa nusu, mafundi wakafa, na waliokuja kumalizia walikuwa watoto wao waliokuwa hawajafundishwa vizuri. Nilimwuliza kama hilo limeandikwa popote. Akasema hapana, lakini nitazame kazi yenyewe. Nikatazama. Kweli, kuanzia pale juu mistari imepinda.

Na mimi nilikuwa na vya kumpa. Karibu na mlango wa kusini kuna jiwe lililochorwa mistari kama miale, na tundu katikati. Kabla hajanieleza nilimwambia ni saa ya kivuli, kwa ajili ya nyakati za sala, kwa kuwa baba alikuwa na kijiti chake nyuma ya msikiti kwa kazi hiyo hiyo. Siku nyingine aliniuliza juu ya matundu ya mraba yaliyozibwa kwa vigae, yamejipanga ukutani kwa safu. Alikuwa ameyatazama miaka yote bila kujua ni ya nini. Nilicheka. Nilimwambia ni ya boriti za jukwaa. Fundi anapopanda anaziingiza boriti ukutani, anapomaliza anazitoa na kuacha tundu, au analiziba kwa chochote kilicho karibu. Kwetu nyumba zote za mawe zinayo. Alitoa daftari dogo mfukoni akaandika maneno yangu, na akaniuliza kama ameyaandika sawasawa. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu aliyesoma.

Kisha akanionyesha yule mtu wa ukutani kwa utaratibu. Ni mtakatifu mlinzi wa wasafiri, na alichorwa mkabala wa mlango ili msafiri, hata asipoingia, achungulie tu, amwone, na aamini kwamba siku hiyo hatakufa ghafla. Baadaye dini ya wafalme ilibadilika, picha zikachukiwa, naye akapakwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Akakaa humo mpaka wakati wa babu yake Bibi, fundi mmoja alipoikwangua chokaa na kuona jicho la samaki. Bibi alisema chokaa ndiyo iliyomficha na chokaa ndiyo iliyomhifadhi. Niliitikia kwa kichwa kwa heshima. Nilikuwa mtoto wa mchoma chokaa, na maneno yale yalinipita kama upepo.

*

Mwaka ambao mdogo wangu, akiwa na miaka ishirini na minane na binti mmoja, alipata nafasi ya kusomea uuguzi, Bibi alivunjika nyonga. Alikaa hospitalini na kisha kwa dada yake shambani, wiki saba kwa jumla. Aliniachia ufunguo ili nifungue madirisha siku za jua. Wakati ule hakukuwa na mchungaji. Aliyekuwepo alikuwa amestaafu na mwingine alikuwa hajaletwa.

Nilitafuta kitu cha kumfanyia. Si zawadi ya dukani, kwa mtu aliyemfikisha mdogo wangu pale. Nikauona ukuta wa kaskazini. Kwa nje chokaa ya kale ilikuwa inatoka yenyewe, ukiigusa inamwagika kama unga, na nyuki wadogo walikuwa wametoboa vijumba vyao kati ya mawe. Nilimwonea Bibi haya. Mtu wa heshima kama yule, na kanisa lake lina ukuta wa unga.

Nilinunua saruji nzuri. Jumamosi sita na Jumapili sita nilifanya kazi upande ule ambao hakuna njia ya watu, nikichokonoa chokaa ya zamani na kujaza saruji, mstari kwa mstari, kimo cha mtu na nusu, urefu wa ukuta wote. Sikulipua kazi. Kila kiungo nilikimaliza kwa mgongo wa kijiko. Nilipomaliza nilisimama kwenye majani, ukuta umekuwa wa kijivu na mgumu, nikafikiri kwamba baba angeniona angesema sasa umekuwa mtu.

Bibi aliporudi nilimpeleka kwa mkono mpaka upande ule. Alisimama na mkongojo wake akatazama muda mrefu. Kisha akageuka, akanitazama mimi muda mrefu vilevile.

"Ahsante, Fundi," alisema. Neno la kwanza alilisema kwa Kiswahili. Alikuwa amejifunza huko kwa dada yake ili aje kunishangaza.

Hakusema zaidi. Nilidhani ni furaha.

Sikujua wakati ule, au nilijua nikiwa mtoto na nikajisahaulisha, kwamba ukuta wa namna ile unapumua. Mvua inaingia kidogo na kutoka kupitia chokaa, jua likiwaka. Ukiziba kwa saruji, maji yanayoingia kwa juu na kwa chini hayana tena mlango wa nje. Yanageuka, yanatafuta upande wa ndani. Upande wa ndani wa ukuta ule, mkabala na mlango, kulikuwa na mtu anavuka mto.

*

Sasa narudi kwenye swali la mkaguzi, miaka minne baadaye.

Wiki hiyo maombi yangu ya uraia yalikuwa Croydon. Fomu ilitaka kujua kama mwombaji amewahi kufanya kosa lolote. Nilikuwa nimeshaelezwa na watu msikitini jinsi kosa dogo linavyoweza kurudisha faili chini ya rundo, au kulitupa kabisa. Na mkaguzi alikuwa ametoka kueleza, dakika chache kabla, kwamba kanisa la kale halipigwi hata msumari bila kibali cha maandishi, na kwamba kufanya hivyo ni kuvunja sheria. Barua ya kunithibitisha kwamba ni mtu wa tabia njema ilikuwa ndani ya faili lile. Aliyeiandika ni Bibi. Alisema hajawahi kunisikia nikisema uongo.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Bibi alitangulia.

"Niliagiza mimi," alisema. "Mtu alipita, akasema anaweza kuziba. Simkumbuki sura wala jina. Kumbukumbu zangu siku hizi si nzuri."

Kumbukumbu zake zilikuwa nzuri kuliko za sisi wote. Mchungaji aliinama kidogo, kama mtu anayemwonea mzee huruma. Mkaguzi aliandika. Fundi wa mawe alikuwa anatazama ukuta, si watu. Mdogo wangu aliniangalia, na mimi nikaangalia majani kwenye suruali yangu.

Sikusema uongo siku ile pia. Sikusema kitu.

Kwenye basi mdogo wangu alikaa kiti cha mbele yangu, si kando yangu. Tulipokaribia kushuka alisema bila kugeuka, "Kaka, Kiingereza cha kusema 'mimi' hukijui?"

Nilimwambia makaratasi yangu yako Croydon.

"Najua yaliko," alisema. "Nilikuwepo Bibi alipoyaandika."

Mwezi huo Bibi aliurudisha ufunguo. Hakufukuzwa. Wazee wenzake walikaa naye, wakamwambia kwa upole kwamba amechoka na umri umeenda, na yeye akakubali kwa upole uleule. Lakini watu walisema. Niliwasikia nikiwa nafyeka. Walisema maskini, akili imeanza kumwacha, ndiyo maana aliruhusu mtu wa barabarani kuliharibu kanisa alilolitunza maisha yake yote.

*

Uraia niliupata. Niliapa kwenye ukumbi wa manispaa, suti ya kuazima, wadogo zangu wakipiga picha. Kesho yake nilikwenda kwenye nyumba ya wazee ambako Bibi alikuwa amehamia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia nyumba ya baba.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema alijua tangu siku ile ya kwanza aliposimama na mkongojo. Saruji kwenye ukuta wa kale alikuwa ameikataza maisha yake yote, aliwahi kugombana na wachungaji wawili kwa ajili yake. Angeniambia palepale, saruji ingeondolewa ikiwa bado changa, na ndani kusingelowa.

"Ila ulikuwa umefurahi mno, Fundi," alisema. "Sikuweza. Hilo ni kosa langu, si lako. Uso wa mtoto tumeuangusha wote wawili."

Nilimwomba niende kwa mchungaji nikasahihishe. Akasema niende, lakini kwanza niondoe nilichokiweka, nirudishe chokaa. Mtu akikiri mikono mitupu, alisema, watu wanabaki na maneno tu. Nilikubali haraka. Leo nafikiri nilikubali haraka kwa sababu lilinipa muda.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata, kabla sijagusa jiwe hata moja. Ibada ya maziko ilikuwa kanisani. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, bega la kushoto, mbele. Mtu wa familia yake alisimama akamsifu vizuri sana, ujuzi wake, ukarimu wake, na akasema kwamba hata mwishoni, kumbukumbu zilipokuwa zimemsaliti, hakuna aliyeacha kumpenda. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, mtu mwenye paspoti mpya, hana tena la kuogopa. Ningeweza kusimama. Mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu, na mpaka leo sijamwuliza kama alikuwa ananizuia au ananiinua.

*

Kazi ya ukuta ilianza majira ya joto. Kibali kilipatikana, fundi wa mawe akawa msimamizi, nami nikajitolea kuwa kibarua wake siku za Jumamosi. Saruji haitoki kwa hasira. Tunaitoa kwa patasi nyembamba, inchi kwa inchi, tukiogopa kuvunja mawe, na bado mengine yanakuja na saruji, nusu yake, kama yale ya nyumba ya baba. Chokaa nayo haifanywi wakati wa baridi, kwa sababu ikigandishwa na barafu kabla haijakomaa inakuwa vumbi. Kwa hiyo kila mwaka tuna miezi mitano tu, mvua ikituruhusu.

Siku ya kwanza aliponipa chokaa iliyolala kwenye ndoo, niliinusa kabla ya kuitazama. Miaka thelathini ilirudi kwa pumzi moja. Nilianza kujaza, na nilipofika mwisho wa kiungo mkono wangu uliingia mfukoni, ukatoa kijiko.

Nilimaliza mstari mmoja, nikaendelea na wa pili. Fundi wa mawe alikuja, akapitisha kidole gumba kwenye chokaa yangu mbichi. Kisha akatembea hatua tatu mpaka kwenye saruji ambayo hatukuwa tumeifikia, akapitisha kidole kilekile kwenye mfereji wake.

"Aliyeweka saruji hii alikuwa na kijiko," alisema.

"Ni mimi," nilisema.

Yalikuwa maneno mawili. Yalitoka bila shida yoyote, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama yangekwama.

Hakushangaa. Alisema tangu siku ya ukaguzi alijua kwamba kazi ile haikufanywa na mpita njia, kwa sababu mpita njia hafanyi saruji mbaya kwa uangalifu kiasi kile. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia baba. Akasema nimwonyeshe, na adhuhuri ile nilimfundisha fundi wa London kumaliza chokaa kwa mgongo wa kijiko, kama nilivyofundishwa kabla sijaanza kujiona najua.

Mchungaji nilimwambia wiki hiyohiyo. Hakunilaumu. Alifungua kabati, akatoa daftari la matengenezo ya kanisa, kitabu kizito ambacho kila tone la rangi na kila kigae cha paa vimeandikwa humo tangu zamani. Akanionyesha ukurasa. Kwa ule mwandiko wa wino uliolala upande, Bibi ameandika kwamba saruji ya ukuta wa kaskazini iliwekwa kwa idhini yake, na mtu asiyemkumbuka, na kwamba lawama ni yake peke yake. Chini ameweka sahihi. Chini ya sahihi kuna nafasi, karibu nusu ukurasa. Mchungaji alisema nafasi hiyo ni yangu, ila sahihisho la namna ile lazima lisomwe kwanza mbele ya kikao cha wazee wa kanisa, na mwenyewe aliyeliandika.

Nimeliandika. Nimeliandika mara nyingi, mezani jikoni, kwa Kiingereza cha mtu aliyeacha skuli mapema, na binti wa mdogo wangu amelisahihisha. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni fupi na linaeleweka, sasa nalisubirisha nini. Kikao cha kwanza nilikuwa zamu ghalani. Cha pili sikuwa zamu. Nilifika mpaka kwenye ukuta mfupi wa makaburi, nikaketi pale mdogo wangu alipokuwa anakaa, nikaona taa za ukumbi zinawashwa, wazee wanaingia mmoja mmoja, wale wale waliosema maskini. Nikaketi mpaka wakatoka.

Ukuta umebaki kipande kimoja, upana wa mlango, nyuma ya pale alipochorwa mtoto. Fundi wa mawe anasema tukiache wazi, ukuta ukauke vizuri kabla ya kukifunga, labda mwaka huu, labda ujao. Unyevu ndani umepungua. Rangi iliyobaki imeshika. Samaki wapo, fimbo ipo, yule mtu mkubwa bado anavuka, na begani kwake kuna mwili mdogo usio na uso. Huo haurudi.

Kwenye kabati, daftari bado linasema Bibi alisahau.